Dexa, Wifi Yangu na Sauti ya Mwanangu

Mwanangu alilia wiki nyingi bila sauti. Nilikuwa nikisimama mbele ya kuvezi, lile sanduku la kioo lenye joto wanamolazwa watoto waliokuja kabla ya wakati, nikimwona anakunja uso, anafungua mdomo, anakaza ngumi, na nisisikie chochote isipokuwa mashine. Siku ya kwanza nilidhani masikio yangu ndiyo yameharibika. Muuguzi mmoja, mama mnene mwenye sauti ya chini, aliniona ninavyoshangaa.

“Iko analia, maman,” akaniambia, akinionyesha bomba lililoingia mdomoni mwake. “Ile tuyo inapita mu koo, njo maana sauti haitoke. Siku tutaitosha inje, utamusikia mupaka utachoka.”

Nilimshika neno. Leo ninapoandika, mtoto huyo yuko chumba cha pili anapiga makelele kwa sababu shangazi yake amechelewa kumpa uji, na kusema kweli nimechoka. Ninaandika kwa ajili ya mama aliyeketi sasa hivi kwenye benchi la hospitali, viatu vimejaa matope, akingoja waite jina lake. Mimi si daktari. Ninafundisha darasa la pili, na mambo ya mapafu ninayajua kwa kadiri nilivyoyaogopa.

Mimba yangu iliingia matatani wakati wa mvua kubwa, zile za kubomoa kuta huku kwetu Bukavu. Miguu ilivimba hadi viatu vya kazini vikanikataa, kichwa kikauma siku mbili, na nilipofika hospitali presha ilikuwa imepanda kiasi kwamba hawakuniuliza mengi. Walinipasua. Nilipoamka, mume wangu Shabani alikuwa pembeni, ameshika kandambili zangu mkononi, hajui aziweke wapi. Akasema ni mvulana. Akasema pia kwamba hajafika hata kilo moja, na kwamba kuna mashine inampumulia.

Kwetu, mtoto akizaliwa baba humwadhinia sikioni, ili jina la Mungu liwe neno la kwanza analosikia. Tulipompata Aziza, binti yetu mkubwa, Shabani alifanya hivyo mlangoni pa chumba cha uzazi huku jasho likimtoka. Safari hii mtoto alibebwa mbio, na Shabani hakufanya. Nilipomuuliza, akaniambia, “Nitamuazinia siku atapumua yeye mwenyewe.” Nilimkasirikia sana. Niliona kama amekataa kumkaribisha mtu kwa kuwa hana uhakika atakaa. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa anaogopa kuliko mimi, ila mimi niliogopa kwa kulia na yeye aliogopa kwa kunyamaza.

Hospitali ile imejengwa mlimani, kama nusu ya mji wetu. Kutoka wodi ya akina mama hadi kwa watoto wadogo kuna ngazi, na mwenye mshono tumboni huzijua ngazi hizo moja moja. Nilizipanda nikiwa nimejifunga kikwembe, kitenge changu, kwa nguvu, nimebeba kikombe cha maziwa niliyoyakamua ili wampitishie kwa mrija, nimekifunika kwa kisahani yasiingie mvua. Mwanzoni kikombe kilikuwa na matone ya kutia aibu. Nywele zilikuwa zinakatika, maziwa yakitoka yenyewe kila mtoto wa mwingine alipolia, na wangu hakuwa na sauti ya kuyaita.

Kwenye benchi la kungojea nilimpata Maman Nabintu, mkulima wa Mudaka. Binti yake alikuwa ameshavuka hatari, yeye akimbeba kifuani ngozi kwa ngozi siku nzima, kichwa kidogo chenye kofia kikichungulia shingoni. Nabintu alinigawia ugali na sambaza, dagaa wa ziwa letu, bila kuniuliza kama nina njaa. Alicheka sana mama yule, na alikuwa na maoni juu ya kila kitu, kuanzia maharage hadi ndoa yangu.

Wiki zikapita, mashine ikabaki. Siku moja walijaribu kumtoa kwenye mashine. Tulitolewa nje, tukaitwa tena, na tayari bomba lilikuwa limerudishwa. Muuguzi hakuniambia mengi, lakini vidole vya mtoto vilikuwa bado na rangi ya zambarau. Ndipo Dokta Nsimire, daktari wa watoto, mwanamke mwembamba anayeongea huku anafuta miwani, alipotuita mimi na Shabani, tukasimama karibu na dirisha. Alisema mapafu ya mtoto yamevimba, na kwamba mashine ile ile inayomwokoa ndiyo inayoyachubua kila siku inayopita. Alitaka kumpa dawa ya kupunguza uvimbe ili apate nguvu ya kuachana na mashine.

“Inaitwa dexaméthasone,” akasema.

Nilicheka. Sikukusudia, kicheko kilinitoka tu. Msomaji wa mbali aelewe kwamba mjini kwetu hakuna mwanamke asiyeijua dexa. Ni vile vidonge wanavyomeza wasichana wanaotaka kunona mashavu na nyonga kabla ya harusi, vinauzwa sokoni Nyawera karibu na sabuni na mafuta ya kujipaka. Kuambiwa kwamba mtoto wangu, mwenye mapaja membamba kuliko kidole changu cha gumba, atapewa dawa ya kunenepesha maharusi, ilikuwa kama utani.

Shabani hakucheka.

“Dexa? Ile dexa ya Nyawera?” akauliza. “Hapana, Docteur. Ile dawa haitaingia mu mwili ya mutoto wangu. Dada yangu, ilimuacha kidogo tu afe.”

“Papa, dawa ni ile ile, sitakudanganya,” Dokta Nsimire akajibu. “Lakini dose haiko moja, na kazi haiko moja. Ile batu banameza miezi na miezi kusudi banone. Huyu tutamupatia kidogo sana, siku chache, na tutakuwa tunapunguza mupaka iishe.”

“Haiko na hatari?”

“Iko nayo. Sukari inaweza kupanda. Microbe inaweza kumupata mbio. Na bongo yake vile itakomala, hatujue yote, njo maana hatuipatiake kila mutoto. Lakini kubakia ku mashine nayo iko hatari, na ile tunaiona kila siku. Siseme itamuponyesha kwa lazima. Nasema naogopa zaidi kumuacha hivi.”

Akatupa muda hadi asubuhi. Shabani akashuka kwenda kufungua duka lake la vikwembe pale Nyawera, akaniacha nimesimama. Hakuwa mtu wa kupiga kelele, na hilo ndilo lililoniumiza, kwani mtu anayepiga kelele unaweza kumjibu.

Lazima niseme kuhusu Zuena. Ni dada yake mkubwa Shabani, wifi yangu, na kwa kuwa kwetu ndugu mkubwa huitwa yaya, sote tunamwita Yaya Zuena. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mikono mirefu, na kwa macho yangu alikuwa mzuri kuliko sisi wote. Lakini mchumba alipopatikana watu walianza kumwambia kwamba gauni litamning'inia. Akaanza dexa kwa siri. Kila mtu alimsifu, na mimi nikiwemo: sasa umekuwa mwanamke, sasa umepata rangi. Mashavu yalijaa hadi macho yakawa madogo. Harusi ikapita, akaendelea, ngozi ikawa nyembamba, akiguswa tu anapata alama, na sukari ikapanda. Alipoogopa akaacha ghafla, siku moja tu, bila kumwuliza mtu, na mwili uliokwisha kuizoea ukamshinda. Alianguka dukani kwa Shabani, katikati ya marobota ya vitambaa, na Shabani ndiye aliyembeba hadi barabarani. Alilazwa muda mrefu. Tangu hapo Zuena hapigwi picha. Kwenye sherehe yeye huwa jikoni, na ukitoa simu yako anakumbuka kitu alichosahau nje.

Kwa hiyo nilielewa kwa nini Shabani alikataa. Nilielewa, na bado nilitaka kumtikisa.

Adhuhuri ile nilimsimulia Maman Nabintu yote. Alisikiliza huku anampapasa binti yake mgongoni, kisha akaniambia nisiondoke, akaenda zake. Aliporudi alikaa karibu nami kuliko kawaida, akanitia mkononi kipande cha karatasi kilichokunjwa. Ndani kulikuwa na vidonge vyeupe.

“Bwana alikatala, si vile? Basi wewe uko na maziwa,” akaninong'oneza. “Ni ile ile dexa. Unameza wewe, inapita mu maziwa, mutoto anakunywa. Hakuna mutu atajua.”

Usimcheke. Alikuwa ametembea hadi sokoni na mtoto kifuani kwa ajili yangu. Na mimi, mwalimu, ninayewafundisha watoto kutoweka kitu mdomoni bila kuuliza, nilivitazama vile vidonge nikaona shauri lake lina akili. Nilifikiri: daktari amesema dawa ni ile ile. Nilifikiri: maziwa yangu ndiyo kitu pekee mimi ninachompa, hakuna anayeweza kunikataza. Nilikwenda nikachota maji kwenye kikombe. Niliketi nayo.

Zuena akanikuta hivyo. Alikuwa anakuja kila siku kuniletea chakula na habari za Aziza, ambaye alikuwa akiishi kwake. Aliweka sufuria chini, akatazama kiganja changu.

“Ulimeza?”

“Bado.”

“Bado ao hapana?”

“Hapana, Yaya.”

Alivichukua, akavifunga tena kwenye karatasi, akaviingiza ndani ya mkoba wake. “Hii, hata mu giza naijua,” akasema. Nikamweleza kila kitu, daktari alivyosema na Shabani alivyojibu, na kwa sababu gani. Nilijaribu kupitia juu juu pale palipomhusu yeye, lakini alinikatiza.

“Shabani alisema ni ju yangu?”

Niliitikia kwa kichwa. Akaketi. Nilidhani atalia, nikajitayarisha kumbembeleza, lakini alikuwa amekasirika. Akampigia simu mdogo wake, akamwambia afunge duka apande juu.

Walikutana uani, pale wanapopikia ndugu wa wagonjwa, kati ya mbabula za makaa na masufuria ya watu. Nilisimama kando. Mama mmoja alikuwa anakoroga ugali, naye akapunguza mwendo ili asikose neno.

“Shabani, mimi njo unaweka mbele ya mutoto?” Zuena akaanza. “Mutoto abakie ku mashine ju mimi nilikuwa nataka mashavu?”

“Yaya, nilikubeba mimi. Nilikuona.”

“Uliniona, ndiyo. Sasa unisikie. Mimi nilimeza mu kificho. Nilianza mwenyewe, nikaongeza mwenyewe, nikaacha mwenyewe. Hakuna mutu alinipima. Yeye iko na docteur, iko na infirmière, banamupima damu asubuyi na magaribi, banajua siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Mimi kama ningepata mutu wa kunipima vile, leo ningekuwa na sura yangu.”

Sikuwahi kumsikia akiitaja sura yake. Shabani alitazama chini, akatazama moto wa watu, halafu akamshika dada yake bega na kupanda ngazi kwenda kumtafuta daktari. Alipanda haraka, na mimi na mshono wangu tukafuata nyuma. Yule mama wa ugali akasema, “Asante Yesu,” ingawa sisi ni Waislamu, na hakuna aliyemsahihisha.

Dawa ilianza asubuhi iliyofuata, kwa sindano ndogo ndani ya mpira wa serumu, yaani dripu. Nilitegemea kitu. Sijui nini, labda afumbue macho na kunisalimu. Hakuna kilichotokea siku hiyo. Kilichokuwepo ni kuchomwa kisigino ili wapime sukari, na kila walipomchoma alifungua mdomo na kulia kilio chake kisichosikika, nami nikawa nafungua mdomo pamoja naye kama mjinga. Zuena sasa alikuwa anafika kabla ya chakula, na swali lake la kwanza lilikuwa lile lile: “Sukari yake?” Siku moja ilipanda kweli. Wauguzi wakapunguza sukari ndani ya serumu, wakarudia kupima, na Zuena hakuondoka hadi aliposikia imeshuka. Aliniambia yeye hakujua hata kama ana sukari hadi alipoanguka.

Jambo moja liliwashangaza wote pale benchini. Maman Nabintu alikuwa anangoja mashavu. Kila asubuhi aliniuliza kama ameanza kunona, nami kila asubuhi nilirudi kutoka kwenye mizani na habari mbaya: uzito umesimama. Niliogopa, nikamuuliza muuguzi wetu mwenye sauti ya chini. Akanieleza kwamba kwa wadogo hivi dawa hiyo hushika ukuaji kwa muda, na ndiyo sababu moja ya kutowapa kwa siku nyingi. Nilipompelekea Nabintu maelezo hayo, alichukia kama aliyeuziwa kitu bandia. “Kumbe inanonesha bamama tu!” akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nipasuliwe nilicheka hadi nikashika mshono.

Kilichokuwa kinabadilika sikuweza kukiona kwa macho. Dokta Nsimire ndiye aliyekuwa anakiona. Kila alipopita alipunguza kidogo hewa ya mashine, akangoja, akafuta miwani. Dozi nayo ikawa inapungua. Wakati huo mvua zilikuwa zimeanza kuchoka. Ngazi zilikauka, na vumbi la kwanza la kiangazi likatanda kwenye kioo cha dirisha la ukumbi. Mimi nilikuwa natembea nimenyooka, na kikombe changu sasa kilikuwa kinajaa.

Asubuhi moja wakatuambia, “Leo tunamutosha ku mashine.” Tukatolewa nje. Niliketi benchini kati ya Shabani na Nabintu, ambaye alikuwa karibu kuruhusiwa kwenda nyumbani. Shabani alikuwa na tasbihi lakini haendi mbele, ameshika punje moja tu. Mimi nilikuwa nangoja kuona muuguzi akipita mbio, kama mara ile ya kwanza, na kila nilipoona kivuli chini ya mlango nilinyanyuka nusu.

Hakuna aliyepita mbio. Kilichotoka mle ndani ni kilio, kikavu, chembamba, kama cha mwana-mbuzi aliyekwama mahali. Niliwahurumia wazazi wake. Nikamgeukia Nabintu.

“Masikini, ni mutoto wa nani analia vile?”

Nabintu alinisukuma kwa kiwiko. “Ni wako ule, Maman Aziza,” akasema. “Wengine wote tunajua sauti yabo.”

Ni kweli. Nilimjua kwa vidole, kwa nywele za mgongoni, kwa ile alama ndogo juu ya kope, lakini sauti yake sikuwahi kukutana nayo. Nililia pale pale, tena kwa sauti. Shabani alisimama, akaketi, akasimama tena. Maziwa yalikuwa yameloanisha gauni langu lote mbele.

Walituruhusu kuingia baada ya muda. Uso ulikuwa wazi kwa mara ya kwanza, umebaki na vimirija viwili tu puani, na mdomo wake, ambao siku zote ulikuwa umevutwa upande mmoja na plasta, ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. Shabani aliosha mikono hadi kwenye viwiko. Muuguzi akamfungulia kidirisha cha kuvezi, naye akainama, akakaribia sikio la kulia, akaanza kumwadhinia kwa kunong'ona. Hakufika mbali. Mtoto alikunja uso, akalia. Shabani akakatisha, akaanza upya. Mtoto akalia tena. Mara ya tatu alimaliza, mtoto akilia na baba akilia, na nyuma ya kioo cha mlango nilimwona Zuena ameziba mdomo kwa ushungi, mabega yanatikisika, sijui kwa kicheko au kwa nini.

Sitaki kumdanganya mama aliyeko benchini. Dozi za mwisho zilikamilika taratibu kama walivyosema, na baada ya hapo uzito ulianza kupanda tena. Lakini si kila mtoto husaidika. Pembeni yetu kulikuwa na kuvezi moja ambayo asubuhi fulani tuliikuta tupu na imefutwa, na mama yake hakurudi benchini. Wangu alichelewa kukaa, na baridi ikija bado anapumua haraka kuliko nipendavyo. Tunampeleka apimwe kila tunapoitwa. Dokta Nsimire alituambia ataendelea kumwangalia hadi aingie shule, na mimi nilimwambia atakuwa kwenye darasa langu, kwa hiyo tutamwangalia pamoja. Kama daktari wako anataja dawa hii, muulize kila kitu, uliza faida, uliza hatari, uliza itaisha lini. Usione aibu hata ukicheka. Na mtu akikuletea vidonge kwenye karatasi, mshukuru kwa upendo wake, halafu usivimeze.

Akika tuliifanya kiangazi hicho, imechelewa lakini haikukosa nyama. Tulimnyoa, tukampa jina, Yusufu. Maman Nabintu alipanda kutoka Mudaka na kikapu cha viazi na binti yake mgongoni. Tulimwita mpiga picha wa mtaani, akatupanga mbele ya ukuta: Shabani, mimi, Aziza amesimama mbele na viatu vipya. Nilimtafuta Zuena kwa macho, nikijua yuko jikoni. Hakuwa jikoni. Alikuwa anakuja kutoka chumbani, amejipaka wanja, amevaa kikwembe kizuri kuliko vyote alivyonavyo.

“Munipatie mutoto,” akasema. “Mimi nitamubeba mu photo.”

Nilimkabidhi. Picha hiyo iko ukutani sebuleni. Zuena yuko katikati, anatazama mbele moja kwa moja, na mashavu yake ni yake. Yusufu yuko mikononi mwake, amekunja uso, mdomo wazi, ngumi zimekazwa. Wageni wanaiangalia na kusema, jamani, mtoto alikuwa analia kweli au amefungua mdomo tu? Ninawaambia wakamuulize mpiga picha. Ilibidi aipige kwa mkono mmoja, kwa kuwa wa pili alikuwa ameziba sikio.